Bajeti ya kompyuta ikikatwa shuleni kwenu: anzia hapa (tulivyofanya sisi huku Rungwe)

Mwezi wa kwanza mwaka jana nilikuwa kwenye kikao cha bodi, sekondari ya kata huku kwetu Rungwe, mvua inapiga bati mpaka mkuu wa shule inabidi apaze sauti, akafika kwenye mstari wa kompyuta akasema huu kwa mwaka huu tunauondoa. Mstari wenyewe ulikuwa na vitu vitatu tu, umeme wa chumba cha kompyuta, posho ya kijana anayejitolea kufundisha, na hela ya fundi. Hakuna aliyebisha, tukahamia kwenye vyoo. Na mimi nilinyamaza, binti yangu yuko kidato cha tatu na somo la kompyuta kalichagua mwenyewe, lakini sikuwa na hoja mkononi, nilikuwa na uchungu tu.

Mimi nina steshenari pale Tukuyu mjini. Kila mwaka matokeo yakitoka naletewa vijana waliomaliza kidato cha nne, mtu kafaulu vizuri kabisa lakini anasimama pembeni ya meza ananipa karatasi yenye namba ya siri na kuniambia mama nijazie fomu kwenye kompyuta, kiibodi hataki hata kuigusa. Nalipwa kwa hiyo kazi, lakini inaniuma kila mara. Ndo maana nilipotoka kwenye kile kikao sikuweza kuliacha lile jambo.

Toka hapo nimejifunza mengi, na nimeshapigiwa simu na wazazi wawili wa Mbozi na mmoja wa Mufindi ambao yamewakuta yaleyale, kwa hiyo naandika yote hapa. Jambo kubwa ninalotaka mlishike ni kwamba somo la kompyuta linauawa na hela ndogondogo za kila mwezi. Yuniti za umeme, betri isiyofika elfu mbili, nauli ya mwalimu. Ukisikia bajeti imekatwa usikimbilie kuandika barua ya kuomba kompyuta 40 mpya, maana hata zikija zitakufa kwa kukosa zilezile hela ndogo. Okoa hizo kwanza.

Kaone karatasi kabla hujagombana na mtu

Nenda shuleni kwa heshima, muombe mkuu wa shule muangalie pamoja hela inayoingia na inayotoka. Sio siri, mapato na matumizi ya ruzuku yanatakiwa yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule kila mtu asome. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya sekondari ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na nusu yake ni ya vitabu, kwa hiyo ya kuendeshea shule inabaki kama 12,500. Piga hesabu mwenyewe, shule ya wanafunzi 400 inapata milioni 5 kwa mwaka, gawa kwa miezi 12 ni laki nne na kidogo kwa mwezi, humo kuna chaki, karatasi za mitihani, michezo, ukarabati, mpaka kitasa cha mlango wa stoo. Ipo na fidia ya ada, 20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa, nayo ina kazi zake. Nilipoziona zile namba kwa macho yangu nikaacha kabisa kumlaumu mwalimu wetu, na yeye alipoona sijaja kulaumu akanifungulia mafaili yote.

Uliza mambo matatu na uyaandike kwenye daftari. Kimekatwa nini hasa, kwa jina na kwa kiasi. Kimekatwa mpaka lini. Na kuna wanafunzi wangapi ambao tayari wako kwenye somo, hasa wa kidato cha tatu na cha nne. Hili la mwisho ni zito kuliko watu wanavyodhani, maana mtihani wa taifa wa Information and Computer Studies, namba 036 kule NECTA, una karatasi ya vitendo, mtoto anakaa mbele ya mashine na kufanya kazi. Ukifunga chumba mwezi wa pili, yule anayefanya mtihani Novemba umemnyang'anya mtihani mkononi. Bodi yetu iligeuka pale nilipotaja watoto 22 wa kidato cha nne. Maneno mengine yote niliyosema kabla yake walikuwa wananisikiliza kwa adabu tu.

Hesabu mashine kwa mikono yako mwenyewe

Hii ndo sehemu ninayoipenda na ndo iliyotubadilishia kila kitu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kwenye kumbukumbu za shule tulikuwa na kompyuta 19, na zinazofanya kazi 7. Kumi na mbili zilikuwa zimerundikwa stoo na karatasi imeandikwa MBOVU. Jumamosi moja nikaenda na kijana mmoja fundi wa hapa mjini, mwalimu wa hisabati, na wanafunzi sita, tukatoa zote nje kwenye korido, tukafuta vumbi, tukaanza kuwasha moja moja. Mashine ya kwanza ikawaka vizuri tu, ikaleta skrini nyeusi yenye maandishi ya Kiingereza kwamba tarehe na saa havijawekwa, bonyeza F1 uendelee. Tarehe ilikuwa inasoma mwaka 2009. Kijana wa kidato cha pili akasema hiyo ndo ile mbovu, hatukuruhusiwa kuigusa. Fundi akabonyeza F1 ikaendelea mpaka mwisho. Akafungua kasha, akaonyesha betri ndogo bapa kama sarafu iliyokaa kwenye ubao, imeandikwa CR2032, akaing'oa kwa kucha, akaweka mpya, akaweka tarehe, basi. Mashine ilikuwa imekaa stoo miaka miwili kwa betri ambayo dukani kwangu ipo kwenye droo.

Nne zilikuwa na ugonjwa huohuo. Nyingine tatu zilikuwa zinapiga mlio tu bila kuonyesha kitu, pii pii pii, na huo mara nyingi ni RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kile kipande chembamba chenye meno ya rangi ya dhahabu. Huku kwetu mvua ni zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, ukungu unaingia mpaka ndani ya kabati, yale meno yanashika utando mashine haiyasomi. Chomoa waya wa umeme kabisa kwanza, shika chuma cha kasha kidogo ili umeme wa mwilini utoke, bonyeza vishikio vya pembeni RAM itoke, chukua raba ya kawaida ya penseli sugua meno taratibu pande zote mbili mpaka yang'ae, futa vumbi la raba kwa brashi kavu, rudisha mpaka usikie imelia tak. Watoto walifanya wenyewe ile ya tatu. Yule binti aliyekuwa ameishika, mashine ilipowaka aliruka juu na kupiga makofi peke yake, wenzake wakamfuata.

Moja tatizo lilikuwa waya wa umeme tu. Kwa hiyo kati ya mbovu 12 tulifufua 8, tukawa na 15. Zile nne zilizobaki tukazifanya spea, RAM zake, pawasaplai zake, vyote vikaandikwa kwenye daftari. Angalizo muhimu, mashine za serikali hata ikiwa imekufa kabisa haitupwi wala haiuzwi wala hupeleki nyumbani, kuna utaratibu wa halmashauri wa kuiondoa, na ukikosea hapo mwalimu wenu ndo anayeingia matatani. Hata kutoa RAM kwenye mashine moja kuweka nyingine, mkuu wa shule ajue na iandikwe. Kila mashine ipewe namba kwa maka pen, na kwenye daftari muandike ndani yake kuna nini, maana RAM ni kitu kidogo, inaingia mfukoni.

Kama hamna fundi karibu, ulizia wanaofungua kompyuta kwenye maduka ya mjini, watoto wengi wa mtaani wanajua hizi kazi, na ukimwambia ni ya shule wengi wanakubali chai na nauli. Yetu yote ilitugharimu hela ya betri, raba mbili, waya mmoja na chakula cha mchana.

Windows au Linux

Hapa mtabishana na mimi naelewa. Mashine zetu nyingi zina RAM ya GB 2 au 4, Windows, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta mliouzoea, inazichosha, unawasha unaenda kunywa uji unarudi bado inazunguka. Tuliweka mfumo mwingine unaitwa Linux Mint, ile nyepesi ya Xfce, kwenye mashine 12, na tatu tukaziacha na Windows. Ni ya bure, unaishusha mara moja mahali penye intaneti nzuri unaiweka kwenye flashi ya GB 8, alafu unaipiga mashine moja baada ya nyingine, na LibreOffice iko humohumo kwa kuandika, majedwali na slaidi. Faida kubwa niliyoiona ni vairasi. Zamani kila flashi ya mwanafunzi ilikuwa inaleta ugonjwa, mafaili yanageuka shotikati, fundi anaitwa, hela inatoka. Kwenye zile 12 hilo limeisha.

Lakini usitoe Windows zote. Watoto watakutana nayo ofisini na kwenye mtihani wa vitendo mwalimu ataamua mashine ipi itumike, kwa hiyo wazoee zote mbili. Sisi kidato cha nne wanapewa kipaumbele kwenye zile tatu.

Intaneti msiihofie sana, bando la darasa zima ni ghali na kwa kweli kwa masomo ya mwanzo halihitajiki. Kuna programu ya masomo ya Kolibri, imetengenezwa kwa ajili ya shule zisizo na mtandao na ina sura ya Kiswahili, na Kiwix ambayo inakupa Wikipedia nzima bila intaneti. Unaziweka kwenye mashine moja yenye nafasi, unaiunganisha na ruta, hata kama ruta haina bando, mashine nyingine zinavuta kutoka kwake. Vitabu vya kiada vipo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu, mimi nilivishusha usiku nyumbani nikapeleka kwa flashi. Scratch, programu ya watoto kujifunza kutengeneza programu, nayo ipo ya kutumia bila mtandao, wadogo wa kidato cha kwanza wanaipenda mno.

Umeme, piga hesabu uiweke mezani

Kwenye bodi watu walikuwa wanasema kompyuta zinakula umeme, basi, hakuna anayejua zinakula kiasi gani. Kompyuta ya mezani na skrini yake bapa zinavuta kama wati 100 hivi. Mashine 15 ni wati 1,500, yaani kilowati moja na nusu. Zikiwaka saa mbili kwa siku ni yuniti 3, siku 20 za masomo ni yuniti 60 kwa mwezi. Kwa tarifu ya kawaida ya LUKU, elfu moja inakupa yuniti 2.8 hivi, kwa hiyo yuniti 60 ni kama shilingi 21,500. Elfu ishirini na moja na mia tano! Watu waliposikia hiyo namba wakatazamana. Walidhani ni laki na kitu.

Ili hesabu hiyo isibaki ya mdomoni, tukafunga sabmita, mita ndogo ya kupima umeme wa chumba hicho tu, kwenye mlango wa chumba cha kompyuta. Kila Ijumaa mwanafunzi mmoja anasoma anaandika. Mwezi ule wa mwanzo ilitoka yuniti 74 kwa sababu kuna watu walikuwa wanachaji simu humo na kupasi nguo, tukalizungumza likaisha. Kama shule yenu ina laptopu tumieni hizo zaidi, zinakula chini ya nusu ya mashine ya mezani.

Na radi. Kuanzia Novemba mpaka Aprili wingu likianza kunguruma chomoa kila kitu ukutani, kuzima swichi peke yake hakutoshi. Kuna shule jirani walipoteza mashine kadhaa kwa mchana mmoja, ilikuwa wakati wa chakula na ufunguo wa chumba alikuwa nao mtu mmoja aliyesafiri. Ufunguo uwe na watu wawili.

Nani atafundisha

Hapa ndo pagumu kuliko kote na sina jibu moja. Sisi tumeunganisha vitu vitatu. Kwanza mwalimu wa hisabati amekubali kuwa msimamizi wa somo, na anasoma mwenyewe usiku. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, huwa wanapeleka kompyuta kwenye shule za serikali na kuendesha mafunzo ya TEHAMA kwa walimu, MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya cha pale Iyunga, ikiwa moja ya vyuo vinavyoyafanya, kwa hiyo mkuu wa shule apeleke jina la mwalimu kwa afisa elimu mapema na afuatilie, asisubiri kuitwa.

Pili, wanafunzi wa chuo wanaotafuta pa kufanyia mafunzo kwa vitendo. Huku tuna vyuo, MUST Mbeya, Mkwawa na Chuo Kikuu cha Iringa kwa walioko upande ule, na VETA zipo. Wanafunzi wao wengi wanatoka kati ya Julai na Septemba na wanahangaika kupata nafasi. Andikeni barua mwezi wa nne, semeni wazi mna mashine ngapi, mna vipindi vingapi, na mtampa nini. Sisi hatukuwa na hela, tukasema tutampa chumba na chakula, familia mbili zikajitolea kupokezana. Akaja kijana mpole sana, miezi miwili alifundisha kuliko tulivyotegemea na aliacha notisi zake zote kwenye mashine namba 4.

Tatu, yuleyule kijana wetu wa kujitolea, ambaye posho yake ilikatwa. Tulimwita, tukamwambia ukweli, akasema nipeni nauli ya bodaboda tu nitakuja siku mbili kwa wiki. Watu kama hawa msiwachoshe, kama mmeahidi nauli itoke siku ileile.

Yeyote mnayemleta kufundisha, awe na barua ya mkuu wa shule, afisa elimu kata ajue, na asiachwe peke yake na watoto kwenye chumba kilichofungwa, hasa vile vipindi vya jioni. Awepo mwalimu au mzazi. Tumekubaliana hivyo na hakuna aliyekasirika.

Mkono wa nani uko kwenye mausi

Mashine 15, darasa la watoto 41, ni watatu kwa mashine moja. Nilikaa nyuma ya darasa siku moja nikaangalia. Karibu kila mashine yenye mchanganyiko, mvulana ndo kashika mausi, wasichana wawili wamekaa na madaftari wananakili anachofanya. Hakuna aliyewakataza, imejitokea tu. Yaani umepigania umeme na betri alafu nusu ya darasa haijagusa kitu.

Tukaweka utaratibu wa dakika kumi, mwalimu anapiga kengele, aliyekuwa kwenye kiibodi anahama kiti, kiti cha kati ndo cha kufanya kazi. Asiye kwenye kiti cha kati haruhusiwi kunyoosha mkono, anaruhusiwa kusema tu. Na wakati wanasubiri wana kiibodi ya karatasi, nilizipiga kopi pale dukani nikazigandisha kwenye maboksi, herufi ziko mahali pake kabisa, wanafanya mazoezi ya vidole. Inaonekana kitu kidogo lakini mtoto aliyezoea karatasi akikaa kwenye mashine hatafuti tena herufi A iko wapi.

Hela

Michango ya wazazi kwanza, na hapa muwe makini sana. Ni hiari, kweli hiari. Iamuliwe kwenye mkutano wa wazazi na iandikwe kwenye muhtasari, halmashauri ipewe taarifa na kibali cha maandishi kipatikane kwanza, hela iingie akaunti ya shule kwa risiti, mwalimu asishike keshi, na mtoto ambaye mzazi wake hajatoa asiguswe, asitajwe jina, asitolewe kwenye mashine. Mkivunja hata moja kati ya hayo mtakuwa mmemuharibia mkuu wa shule kazi na somo litakufa jumla.

Alafu muangalie majira. Tulivyoomba mwezi wa kwanza hakuna kilichopatikana, hela yote imeishia kwenye sare na madaftari. Huku mtu wa chai na wa maziwa anapata hela yake kwa mwezi, wa parachichi anasubiri mnunuzi, wa ndizi anauza siku ya gulio. Tukabadilisha, tukasema anayeweza atoe 1,000 kwa mwezi, sio elfu kumi na mbili kwa mkupuo. Wakajitokeza wazazi 34. Mama mmoja hakuwa na hela siku ya mkutano akaleta mkungu wa ndizi, tukaupiga mnada palepale. Elfu 34 kwa mwezi inalipa umeme wote na inabaki 12,000 na kitu ya nauli ya mwalimu. Ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, kwa wale wazazi, nawaombea kila siku.

Alafu ofisi na makampuni. Hapa kuna nafasi saivi ambayo haitadumu, Microsoft waliacha kuipa Windows 10 masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za maofisini ambazo ni nzima kabisa haziwezi kupokea Windows 11, zinabadilishwa. Kwa Linux hizo ni mashine nzuri sana. Zungukeni mabenki, viwanda vya chai, AMCOS yaani vyama vya ushirika vya wakulima, hospitali za mashirika, mpaka Mbeya mjini na Mafinga, ulizeni wanazifanyia nini za zamani.

Barua iwe fupi. Ya kwetu ya kwanza ilikuwa kurasa mbili na haikujibiwa na mtu. Ya pili ilikuwa hivi, ichukueni mbadilishe namba:

"Shule yetu ina kompyuta 15 zinazofanya kazi na wanafunzi 96 wa somo la kompyuta, kati yao 22 ni wa kidato cha nne. Tunapungukiwa RAM 6 na ekstensheni 4 imara. Tunaomba mtusaidie kimojawapo, au kompyuta mlizoacha kutumia. Mnakaribishwa kuja kuona kipindi siku ya Jumanne au Alhamisi saa 8 mchana. Taarifa ya matumizi tutawaletea baada ya miezi mitatu."

Isainiwe na mkuu wa shule na mwenyekiti wa bodi, ipigwe muhuri, na mpeleke kwa mkono. Ile ahadi ya miezi mitatu mkaitimize kweli, pelekeni hata karatasi moja yenye picha. Waliotupa RAM ndo haohao walituita tena kutupa mashine mbili.

Kurudisha ule mstari kwenye bajeti

Michango ni ya kuvukia mto, shule ni ya serikali na mstari unatakiwa urudi. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini ukienda kuomba mwezi wa tano umechelewa, Bunge liko Dodoma linapitisha na halmashauri ilishafunga hesabu zake. Mipango inaanza kukusanywa kwenye vijiji na mitaa kuanzia kama Oktoba, inapanda kata, inafika baraza la madiwani mwanzoni mwa mwaka. Kwa hiyo Oktoba uwe kwenye mkutano wa kijiji na ombi lako limeandikwa kwenye muhtasari, Novemba mtafute diwani akalisemee kwenye kamati ya maendeleo ya kata. Mfuko wa Jimbo nao upo kwa sheria ya 2009, mwenyekiti wake ni mbunge, na miradi midogo ya wananchi kama hii inafaa kuombewa humo, hasa ekstensheni, meza, nondo za madirisha. Mkiulizwa kwa nini kompyuta, waambieni mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 unataka TEHAMA, sio starehe ya shule.

Sisi tulikwenda na vitu vitatu, daftari la mashine, daftari la sabmita na daftari la mahudhurio ya watoto. Diwani alisoma lile la sabmita kwa muda mrefu kuliko yote, akauliza hii 74 ni ya nini, tukamweleza habari ya pasi, akacheka akasaini.

Bodi ya mwaka huu imeurudisha mstari wa umeme, 22,000 kwa mwezi. Wa fundi na wa mwalimu bado. Elfu 34 za wazazi sasa zote zinaenda kwa mwalimu, anakuja siku tatu badala ya mbili, na betri nimewapelekea tano za akiba, ziko kwenye droo ya mwalimu wa hisabati, funguo ya pili ya chumba cha kompyuta anayo matroni.